UWANJA WA NDEGE NI DENI LA SERIKALI, SI LA MFANYAKAZI

Ndugu Wafanyakazi,

Katika habari ya uwanja wa ndege wa Nairobi tumezoea kusikia maneno mawili. Neno la kwanza ni kwamba uwanja lazima upanuliwe. Neno la pili ni kwamba fedha za Serikali hazitoshi. Sisi wafanyakazi hatugombani na neno la kwanza. Ndege kubwa haitui juu ya shamba la mahindi. Tunagombana na neno la pili. Uwanja ukijengwa, hali imesemwa kwamba fedha hazikuwako, basi yuko mtu aliyelipa na jina lake halikuandikwa katika kitabu cha hesabu. Mtu huyo tunamjua. Ni mfanyakazi.

Shabaha yetu leo ni moja tu. Tunataka kueleza kwamba uwanja wa ndege wa nchi ni deni la Serikali ya nchi. Serikali ikilikwepa deni hilo, halifi. Huhamia kwa mfanyakazi, naye hulilipa kwa jasho lisilo na mshahara, au kwa kupoteza kazi yake, au kwa kodi ya watoto wake. Tufungue daftari tusome hesabu tangu mwanzo.

NDEGE KABLA YA EMBAKASI

Nairobi ilikuwa na uwanja mdogo upande wa magharibi, kando ya barabara iendayo Langata. Mwaka 1929 mama mmoja wa kisetla, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na hapo pakawa makao yake. Uwanja huo uliitwa Nairobi West mpaka 1962, ulipopewa jina la Wilson ambalo unalo hata leo. Vita vilipoanza 1939, Serikali ilizichukua ndege za kampuni hiyo pamoja na watu wake kwa kazi ya vita. Liangalieni jambo hilo. Siku Serikali ilipozihitaji ndege kwa haja yake, haikusema kwamba mambo ya ndege ni biashara ya watu binafsi isiyoihusu.

Baada ya vita ndege kubwa za abiria zilikuwa zikitua Eastleigh, katika uwanja wa jeshi la anga la Uingereza. Kisha Mei 1952 ndege ya jeti ya abiria iitwayo Comet ilianza safari za kutoka London hadi Johannesburg. Katika Afrika ya Mashariki ilitua Entebbe. Nairobi, iliyopewa cheo cha jiji mwaka 1950 kwa sherehe kubwa, ikapitwa juu angani. Ilikuwa wazi kwamba mji usio na uwanja wa kutosha utaachwa nyuma na biashara.

Kwa hiyo Serikali ya Koloni ikachagua nyika ya Embakasi. Kazi ilianza katika miaka ya mwanzo ya Hali ya Hatari, na tarehe 9 Mei 1958 Gavana Evelyn Baring akaufungua uwanja. Mgeni aliyengojewa kuufungua alikuwa mama yake Malkia wa Uingereza, lakini alicheleweshwa katika safari yake ya kutoka Australia. Habari za mgeni ambaye hakufika zimo katika historia ya uwanja. Habari za watu waliouchimba ndizo zilizowekwa chini ya lami.

NANI ALISHIKA SURURU?

Uwanja wa Embakasi ulijengwa kwa mikono ya maelfu ya wafungwa na watu wa kizuizini wa wakati wa Hali ya Hatari. Waliwekwa katika gereza la Embakasi, jirani na kazi yenyewe. Walichimba, wakapasua mawe, wakabeba udongo, huku askari wakiwasimamia. Waliopita huko na wakasalimika wameeleza habari za mapigo, njaa na vifo. Ushahidi wa namna hiyo umeandikwa katika vitabu vya historia, kikiwamo kile cha Caroline Elkins cha mwaka 2005.

Watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka katika mitaa hii hii. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa mistari, wakapelekwa kuchujwa Langata na kwingineko. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini, wengi wao bila kusimamishwa mbele ya hakimu. Walikuwa makarani, mafundi, wapishi, madereva, wachukuzi, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Yaani walikuwa ni sisi.

Na viongozi ambao wangeuliza habari ya mishahara ya Embakasi walikwisha kuondolewa. Makhan Singh alikamatwa Mei 1950, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Fred Kubai, aliyeongoza pamoja naye shirikisho la vyama la mwaka 1949, alikamatwa mwaka huo huo wa 1950, kisha tena 1952, akahukumiwa katika kesi ya Kapenguria. Uwanja wote ulianza na ukaisha wakati watu hao wako kifungoni.

Wako watakaosema kwamba wafungwa kufanya kazi si jambo geni, na kwamba sheria za dunia ziliruhusu. Ni kweli kwamba Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, haukumhesabu mtu aliyehukumiwa na mahakama kuwa katika kazi ya shuruti, ikiwa anasimamiwa na serikali. Lakini mtu wa kizuizini hakuhukumiwa na mahakama. Aliwekwa ndani kwa saini ya mtawala. Na wengi katika waliohukumiwa, kosa lao lilikuwa ni kula kiapo. Mwaka 1957 Shirika hilo lilipitisha Mkataba namba 105, ambao unakataza kumlazimisha mtu kazi kama adhabu ya mawazo yake ya siasa, na unakataza kutumia kazi ya shuruti kama njia ya kuendeleza uchumi. Uingereza iliukubali mkataba huo Desemba 1957. Miezi mitano baadaye Gavana wake alikata utepe Embakasi.

HESABU YA MIAKA ILE

Sasa tuseme juu ya fedha, maana neno lilikuwa ni fedha.

Mwaka 1954, ule ule wa Anvil, Kamati ya Mishahara ya Waafrika chini ya Bwana Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilitoa ripoti yake. Kamati hiyo ilikuwa ya Serikali yenyewe, haikuwa ya wachochezi. Ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na robo ya walio katika kazi za umma, walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mwanadamu. Ikashauri kwamba kima cha chini kisipimwe kwa haja za mwanamume mmoja asiye na mke, bali kwa haja za mtu mwenye jamaa yake.

Kwa hiyo Serikali ilijua. Ilijua mtu anahitaji shilingi ngapi ili aishi. Ikaiweka ripoti mezani, na kule Embakasi ikawatumia watu ambao haikuwalipa hata ule mshahara wenyewe uliosemwa hautoshi.

Mwaka uliofuata, Machi 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Tom Mboya alikwenda kuwasemea, na shauri lilipokwisha walipata nyongeza ya 33 kwa mia. Hapo ndipo tunaona kwa nini mfungwa alipendwa na mjenzi wa uwanja. Mtu huru akiona mshahara ni mdogo anaweza kuweka chombo chini, na mwenye kazi akalazimika kuzungumza. Mfungwa akiweka chombo chini hupigwa.

Je, fedha hazikuwako kweli? Vita vya Hali ya Hatari viligharimu zaidi ya paundi milioni 50. Fedha za ndege za kutupa mabomu msituni zilipatikana, na za seng'enge, na za askari wa kumlinda mtu asitupe sururu. Fedha za kumlipa mshika sururu ndizo zilizokosekana. Serikali haiwezi kuitwa maskini ikiwa inaweza kununua mjeledi na haiwezi kununua kazi.

ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO

Nani aliyeamua haya? Baraza la Kutunga Sheria lilikaa hapa hapa katikati ya mji. Waafrika wa kwanza kuchaguliwa kwa kura waliingia barazani Machi 1957, nao walikuwa wanane tu, Mboya akiwa mmoja wao kwa Nairobi. Wakati huo Embakasi ilikuwa imekwisha kuchimbwa. Kodi ya nyumba Mwafrika alianza kutozwa mwaka 1901. Kwa zaidi ya nusu karne alikuwa mlipaji, na katika kuamua matumizi hakuwa na kura.

Kanuni ya ukoloni ilikuwa kwamba kila koloni ijitegemee kwa gharama zake, na London isaidie inapopenda. Maneno hayo yana sura ya haki. Lakini koloni ni nani? Ukitoa Gavana aliyetumwa na London, na masetla waliokuwa na viti vyao, anayebaki ni mwenye kulipa na asiye na sauti. Kusema koloni ijilipie kulikuwa ni kusema Mwafrika alipe. Serikali iliyoamua ilikuwa moja, na aliyebeba mzigo wa uamuzi alikuwa mwingine kabisa. Hilo ndilo kosa la mzizi, na tutaliona tena mbele.

DENI LINAVYOTUPWA HUKU NA HUKU

Ndugu, msidhani haya ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari waliishtaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Uingereza ilijibu nini? Ilijibu kwamba madaraka yote ya Serikali ya Koloni, pamoja na madeni ya makosa yake, yalihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya Uhuru mwaka 1963. Maana yake, aliyepigwa akadai malipo kwa taifa lake mwenyewe, na taifa hilo ni la waliopigwa! Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kesi hiyo isitupwe, akaamua kwamba wazee wana shauri la kusikilizwa.

Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilikubali kumaliza shauri kwa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228, pamoja na gharama za kesi. Waziri William Hague alisema Bungeni kwamba anasikitika, na papo hapo akasema Serikali yake inaendelea kukataa kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa koloni. Sanamu ya ukumbusho iliyolipiwa na Uingereza ikazinduliwa Septemba 2015 katika Uhuru Park, pale Freedom Corner. Wengi wetu tunaopita hapo asubuhi kutoka upande wa Kilimani, Kawangware na Kibera kuingia mjini tunaiona.

Sisi tunawapongeza wazee hao, maana walishinda kesi ambayo watu walisema haiwezekani. Lakini fahamuni vizuri: malipo yale yalikuwa ya mateso. Hayakuwa hesabu ya kazi. Mishahara ya Embakasi haimo ndani yake. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hilo la kazi bado halijapata dawa.

BAADA YA UHURU

Tusiwe watu wa kumlaumu mkoloni tu. Serikali yetu wenyewe nayo tuipime kwa kipimo kile kile.

Embakasi ilipokuwa ndogo tena, Serikali ya Kenya ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1972. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa Machi 1978, ng'ambo ya pili ya njia ya kurukia ndege, na mwaka huo huo, baada ya kifo cha Rais wa kwanza, uwanja ukaitwa Jomo Kenyatta. Mkopo ni mzigo, lakini njia ile ilikuwa na jambo moja jema: aliyekopa alijulikana, na mali iliyojengwa ilibaki ya nchi. Waliojenga walikuwa watu huru. Tofauti hiyo na ya 1958 si ndogo.

Baadaye mambo yakaanza kupinda. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la kuwasili abiria. Mpango wa jengo kubwa jipya lililoitwa Greenfield ukapigiwa ngoma, kisha ukafutwa mwaka 2016 bila jengo kusimama, hali zaidi ya shilingi bilioni 4 zilikwisha kulipwa. Mwaka 2019 ukaletwa mpango wa kuukabidhi uwanja kwa shirika la ndege la Kenya Airways kwa miaka 30. Tarehe 6 Machi 2019 wafanyakazi wa uwanja waligoma, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi, na viongozi wao wakakamatwa.

Kisha likaja jambo la 2024. Kampuni ya Adani ya India ilitaka kupewa uwanja kwa miaka 30, nayo itie dola bilioni 1.85 kwa upanuzi. Wananchi walikuja kulijua jambo lenyewe Julai, baada ya karatasi kuvuja. Tarehe 9 Septemba Mahakama Kuu iliusimamisha mpango, kwa shauri lililoletwa na Chama cha Wanasheria pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo si ya Serikali. Tarehe 11 Septemba chama cha wafanyakazi wa ndege, KAWU, kilisimamisha kazi, na uwanja ukasimama mpaka mapatano yalipotiwa saini siku hiyo hiyo. Tarehe 21 Novemba 2024 Rais Ruto alisimama Bungeni akaufuta mpango, siku moja baada ya habari za mashtaka ya Marekani juu ya mwenye kampuni.

Ulifutwa, sawa. Lakini fikra iliyouzaa haikufutwa. Fikra hiyo inasema kwamba Serikali haina fedha, kwa hiyo aje mtu achukue uwanja, na mfanyakazi atajua hali yake baada ya mkataba kutiwa saini. Ni fikra ile ile ya uamuzi kuwa wa mmoja na mzigo kuwa wa mwingine. Kilichobadilika ni sura. Mwaka 1954 mfanyakazi aliletwa kwa lori la polisi. Mwaka 2024 alitakiwa angoje nje ya mlango mpaka aambiwe kama bado ana kazi.

TUWAJIBU WENYE HOJA

Hoja ya kwanza. Wanasema: "Ninyi wenyewe mlikataa kodi mwezi wa Juni 2024, sasa mnataka Serikali ijenge kwa nini?" Tunajibu: watu walikataa mswada wa fedha uliopandisha bei ya maisha ya mnyonge. Hawakukataa kwamba Serikali iwe na viwanja vya ndege. Tena uwanja huu si ombaomba. Kila abiria hutozwa ada ya huduma ndani ya tiketi yake, na kila ndege hulipa kwa kutua. Mwenye duka linaloingiza fedha kila siku akisema hana fedha za kuezeka paa, mtu mwenye akili huuliza kwanza mauzo yamekwenda wapi.

Hoja ya pili ni ya mwenzetu wa Kangemi au Kawangware, nayo ni hoja nzuri. Anasema: "Mimi sijapanda ndege tangu kuzaliwa. Kwa nini kodi ya unga wangu ikajenge mahali pa matajiri?" Ndugu, wewe hupandi, lakini maua ya Naivasha hupanda, na nyuma ya maua hayo kuna maelfu ya akina mama wenye kazi. Mpishi wa hoteli ya mjini, dereva wa watalii, mchukuzi wa mizigo, wote mikate yao hupitia pale. Na binti wa jirani yako aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia alipitia mlango ule ule, na akirudi, Mungu akipenda mzima, atapitia hapo. Uwanja ni wako. Ndiyo maana hatutaki uondolewe mikononi mwako. Na ni haki anayesafiri alipe zaidi kwa ada yake kuliko asiyesafiri kwa unga wake. Lakini ada hiyo ionekane imefanya kazi gani.

Hoja ya tatu. Wanasema kampuni itajenga upesi, na Serikali ni mzigo mzito usiokwenda. Sisi tunasema tazameni barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022. Inaanzia Westlands, inapita juu ya katikati ya mji, inateremka kuelekea uwanja wa ndege na Mlolongo, kilomita 27. Ilijengwa upesi, hatukatai. Lakini iko mikononi mwa kampuni ya kigeni itakayokusanya malipo kwa miaka 27. Mwenye gari lake wa Lavington hulipa na kupita. Mfanyakazi wa uwanja anayekaa Kangemi huteremka kwa matatu mpaka mjini, akabadili akapanda namba 34, na mara nyingi hukaa katika msongamano chini ya nguzo za barabara hiyo hiyo, akivuta moshi. Upesi wake haukuwa wake. Tena Embakasi pia ilijengwa upesi, na mmekwisha kuona upesi ule ulitoka wapi.

SHERIA INASEMA NINI

Hatuombi hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Kifungu cha 201 kinataka mambo ya fedha za umma yafanywe kwa uwazi na wananchi washirikishwe, na kinataka mizigo na faida za mikopo igawanywe kwa haki kati yetu na vizazi vijavyo. Mkataba wa siri wa miaka 30 hauwezi kupita katika vifungu hivyo bila kuvivunja. Mtoto anayezaliwa Pumwani siku mkataba unapotiwa saini atakuwa mtu mzima mwenye watoto kabla haujaisha.

TUNATAKA NINI

Basi, ndugu, msimamo wetu ni huu:

1. Upanuzi wa uwanja wa Nairobi ulipiwe na Serikali, kwa fedha zilizopitishwa na Bunge mbele ya watu. Ikibidi kukopa, ikope Serikali, kwa jina lake, na uwanja ubaki mali ya nchi.

2. Ada za abiria na za ndege zitangazwe kila mwaka: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, zimebaki ngapi. Hesabu hizo ziandikwe kwa Kiswahili pia, maana mwenye mali ni lazima asome daftari lake.

3. Hakuna mkataba wowote wa uwanja utakaotiwa saini kabla chama cha wafanyakazi hakijakaa mezani na kuusoma wote, si muhtasari wake.

4. Wajenzi na wafanyakazi wa uwanja, wakiwamo wafagiaji, wapakiaji mizigo na walinzi wanaoletwa na wakandarasi, wapewe mishahara ya kumtosha mtu na jamaa yake. Maneno hayo yalikwisha kusemwa mwaka 1954. Tumengoja vya kutosha.

5. Serikali ya Kenya iwatafute katika vitabu vya magereza waliojenga Embakasi, majina yao yaandikwe ukutani pale uwanjani, mahali abiria wanapopita. Kisha iidai Serikali ya Uingereza mishahara yao, kwa ajili yao na warithi wao. Serikali isiyothubutu kudai deni la wazee wake haitawalinda vijana wake.

Wako watakaotuambia hili la tano ni ndoto. Wazee wa 2009 nao waliambiwa hivyo hivyo.

Kila mmoja wetu auchukue ukurasa huu ampe mwenzake wa zamu ya usiku. Usomwe kwenye karakana, jikoni mwa hoteli, kwenye stendi ya matatu, na majumbani mwa mabwana wa Kileleshwa ambako wapishi na watunza bustani hawana chama bado. Siku Serikali itakapokuja tena kusema kwamba uwanja ni lazima na fedha hakuna, tuwe na jibu moja mdomoni: kilicho lazima kwa nchi hulipwa na Serikali ya nchi, na anayefanya kazi hulipwa kwa kazi yake.

Umoja ni nguvu.